Funga mlango wako, lakini Jumatano uje

Wiki iliyopita, msibani, kijana niliyembatiza kwa mikono yangu aliniambia maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi mno: "Mchungaji, mimi huwa naomba nyumbani. Yesu mwenyewe alisema ingia chumbani, funga mlango. Na Mungu si ni yule yule?" Hakusema kwa jeuri. Alisema kwa adabu, amenishika mkono kwa mikono miwili, nami sikumjibu, maana msibani si mahali pa kubishania aya. Namjibu hapa, yeye na wenzake wote wasioona haja ya kuja kwenye maombi yetu ya pamoja ya Jumatano, kwa sababu nimechoka kulijibu jambo hili nusu nusu mlangoni mwa kanisa huku watu wanakimbilia daladala.

Mathayo 6:6 ipo, siifuti. "Bali wewe usalipo, ingia katika chumba chako cha ndani." Mkristo asiye na chumba hicho, hata kikiwa ni kona ya jikoni au njia ya kwendea shamba, atafika kwenye maombi ya pamoja akiwa mkavu. Tumekubaliana. Sasa shuka aya tatu tu, usikimbie: "Basi ninyi salini hivi." Ile "wewe" imekuwa "ninyi", na Kiswahili chetu hakifichi jambo hilo. Halafu yanafuata: Baba yetu. Utupe. Utusamehe. Utuokoe. Tafuta "nipe" katika Sala ya Bwana, hutaiona. Kwa hiyo hata ukijifungia na komeo, sala aliyokufundisha Bwana inawaingiza jirani zako mle chumbani.

Aliowakemea Yesu ni wale wanaosali ili waonekane na watu. Kukusanyika hakukukemea. Luka 4:16 inasema aliingia katika sinagogi siku ya sabato "kama ilivyokuwa desturi yake". Desturi! Na usiku ule wa Gethsemane, alipokuwa na maneno ya kumwambia Baba ambayo hakuna mwanadamu angeweza kumsaidia kuyasema, bado aliwachukua watatu akawaambia, "Kaeni hapa, mkeshe pamoja nami." Walisinzia. Aliwarudia mara tatu. Kila nikifika hapo nanyamaza kidogo. Mwana wa Mungu alitaka watu karibu alipokuwa akiomba, nasi tunasema hatuwahitaji.

Baada ya chumba, huwa naletewa "wawili watatu". Mtu na mkewe sebuleni, simu imewashwa, ibada inarushwa kutoka mjini, basi wananiambia hilo ni kanisa tosha, maana walipo wawili watatu Yeye yupo. Yupo, ndiyo. Lakini fungua Mathayo 18 uanzie aya ya 15, usianzie 20. Habari yenyewe ni ya ndugu aliyekukosa. Umwendee ninyi wawili. Asiposikia, chukua mwingine. Asiposikia, liambie kanisa. Ndipo yanakuja maneno ya wawili "watakapopatana" katika jambo lolote watakaloliomba. Kupatana ndiko kunakotangulia, kuomba kunafuata. Neno la Kiyunani hapo ndilo lililozaa jina la muziki wa ala nyingi zinazopigwa kwa pamoja, simfoni. Zeze na ngoma havikuwahi kuwa kitu kimoja, lakini vimekubaliana wimbo. Aya hiyo haikuandikwa ili kuwafariji wachache waliofika siku ya mvua. Inawahusu watu waliokuwa na sababu ya kutosalimiana, wakasalimiana, halafu wakaomba.

Sisi Wamoravian tulipaswa kulijua hili kuliko wote. Wakimbizi wa kutoka Moravia walianza kujenga kijiji cha Herrnhut mwaka 1722, katika ardhi ya Zinzendorf, kabaila Mkristo wa kule Saksonia, Ujerumani, na ilipofika 1727 walikuwa wanagombana vibaya, Walutheri, Wareformed na watu wa mapokeo ya Ndugu, lile kanisa la kale la Moravia, kila mmoja na njia yake. Zinzendorf alipita nyumba kwa nyumba. Tarehe 12 Mei wakatia saini mapatano. Tarehe 13 Agosti, kwenye Meza ya Bwana katika kanisa la Berthelsdorf, mioyo ikayeyuka, na siku hiyo tunaikumbuka kila mwaka. Mlolongo wa maombi ulianza baada ya hapo, tarehe 27 Agosti: wanaume 24 na wanawake 24 waligawana saa za mchana na usiku, na zamu zile zikaendelea zaidi ya miaka 100. Watu wanaipenda sana hiyo miaka 100, wanaihubiri. Hawahubiri ile saini ya Mei.

Na kwenye zamu ile, mtu aliweza kuwa peke yake kabisa katika saa yake. Lakini alijua nani amemaliza kabla yake na nani anaamka baada yake, na alikuwa anaombea mambo waliyokubaliana. Ndiyo maana nasema si suala la kuta. Walioleta Injili hapa Rungwe mwaka 1891, Theodor Meyer na wenzake, walitoka katika kanisa lililolelewa na zamu hizo.

Sasa niwageukie walio upande wa pili, maana nao wananiumiza kichwa. Hawa wanakuja kanisani, tena wanajaa, kwa kuamini kwamba maombi ya watu elfu yana nguvu mara elfu. Kana kwamba mbinguni wanahesabu kura. Kule Karmeli manabii wa Baali walikuwa 450, wakapiga kelele tangu asubuhi, wakajikatakata. Elia alikuwa mmoja na sala yake ni fupi, unaimaliza kabla chai haijapoa. Mungu hasukumwi na wingi wetu.

Basi wingi ni wa nini? Kwangu mimi jibu liko kwenye neno moja tunalolitamka bila kufikiri: Amina.

Paulo, katika 1 Wakorintho 14:16, anauliza mtu asiyeelewa usemalo ataitikiaje Amina. Swali hilo nililipita miaka mingi nikidhani linahusu kunena kwa lugha tu. Linahusu pia kazi ya anayesikiliza. Yustino Shahidi, mwalimu Mkristo wa karne ya pili, akiandika Roma karibu mwaka 155 kuwaeleza wapagani tunachofanya Jumapili, anasema wote husimama pamoja na kuomba, kiongozi hushukuru, na watu huitikia Amina. Hata akaona vema kuwafafanulia kwamba ni neno la Kiebrania lenye maana ya "na iwe hivyo". Kati ya yote aliyoweza kuyaacha, hilo hakuliacha. Kwa sababu Amina ni sahihi yako chini ya ombi la mwingine. Haja ya jirani yako imekuwa haja yako. Chumbani unaweza kuomba vizuri, kwa machozi, kwa saa tatu, lakini kuna kitu kimoja huwezi kukifanya: kuitikia.

Na hapa niseme jambo ambalo baadhi ya wachungaji wenzangu hawatalipenda. Siku hizi kiongozi anatangaza "tuombe wote kwa pamoja", na papo hapo kila mtu anapaza sauti yake, na vipaza sauti juu yake. Dakika ishirini. Tumekaa benchi moja, mabega yanagusana, lakini sijui mama aliye kushoto kwangu amelilia nini, na yeye hajui langu. Nimeitikia Amina ya nani? Matendo 4:24 inasema walimpazia Mungu sauti zao kwa moyo mmoja, na maneno ya sala yao tunayo mpaka leo, yameandikwa, yanaeleweka. Ilikuwa sala moja.

Hata hivyo sijaufuta utaratibu huo kwetu, na nina sababu. Yupo dada mmoja ambaye hawezi kabisa kuomba kwa sauti watu wakiwa kimya. Lakini kelele ile ikianza, anainama, anajifunika kanga kichwani, na ndani yake anamwaga kila kitu. Nimemwona akitoka hapo uso umelainika. Kwa hiyo tunafanya yote mawili, na sina hakika kama kipimo changu ni sahihi.

Maombi yetu ya Jumatano yanaanza saa 11:30 alfajiri. Anayeijua Tukuyu anajua baridi ya Juni saa hiyo, ukungu umekaa hadi kwenye migomba, viatu vimelowa kabla hujafika. Tunafika wanane, siku nyingine kumi na wawili. Miaka michache iliyopita alianza kuja mama aliyefiwa na mtoto wake wa pekee. Aliniambia mapema, "Mchungaji, mimi sitaomba. Sina la kumwambia." Nikamwambia aje tu akae. Akawa anakaa benchi la pili kutoka nyuma, mikono ndani ya khanga. Wiki za kwanza hata Amina hakuitikia. Baadaye akawa anaitikia, kwa sauti ya chini, wengine wakimtaja kwa jina na wakati mwingine wakimwombea mvua kwenye viazi vyake. Ikapita karibu miezi kumi. Asubuhi moja jirani yake akaomba tumwombee bintiye anayefanya mtihani wa darasa la saba, na kabla sijaanza nikasikia sauti kutoka nyuma. Ni yeye. Alimwombea mtoto wa mwenzake maneno manne au matano, akamaliza kwa Kinyakyusa, "ndaga, Tata", yaani asante, Baba. Watu waliitikia Amina, na hakuna aliyegeuka kumtazama.

Kijana wangu, huyo mama naye alikuwa na chumba. Kwa miezi kumi chumba chake kilikuwa kimya, na imani yake ilibebwa na wenzake. Ungemshauri abaki nyumbani?

Sitaki mtu adhani nasema yote hujibiwa tunavyotaka. Katika Matendo 12 kanisa lilimwomba Mungu kwa juhudi kwa ajili ya Petro, akatoka gerezani, na kijakazi Roda alipoleta habari wakamwambia ana wazimu. Lakini aya ya pili ya sura ile ile Yakobo anauawa kwa upanga. Siamini kanisa lile halikumwombea Yakobo. Nimelala na swali hilo mara nyingi, hasa baada ya kuombea wagonjwa wawili asubuhi moja, mmoja akarudi shambani na mwingine tukamzika. Sina maelezo, nami simwamini anayesema anayo.

Na nakiri wapo walioacha kuja kwa sababu tuliwaumiza. Mtu ameleta siri yake iombewe, jioni imefika sokoni. Mwingine amesikia akisemwa ndani ya sala, "Bwana, mguse ndugu yetu anayejijua", na kila mtu akajua ni nani. Huo ni umbea uliofumba macho. Kwetu tumeweka sharti: anayeomba hataji la mtu mpaka mwenyewe ametoa ruhusa, na aliyevunja anakwenda kwa aliyemkosea kabla ya Jumatano inayofuata. Mathayo 18 tena.

Wauguzi wa zamu, walinzi, wazee waliolala kitandani, nyie sikuwa nasema nanyi. Yustino yule yule anaandika kwamba mashemasi waliwapelekea wasiokuwepo sehemu ya kile kilichoshirikiwa mezani. Asiyeweza kuja, kanisa linamwendea. Tutumieni ujumbe mtaje haja, nasi tutaisoma, na saa 12 kasorobo mkiwa popote mlipo, itikieni.

Na kwa mama aliyeniuliza kama aje na mtoto wake mdogo kwenye maombi: mlete. Yupo mmoja wa miaka mitatu hapa ambaye huitikia Amina kila mtu anapovuta pumzi, na maombi yanaendelea vizuri tu.