Hiyo VPN yako itapita wapi?

Wiki iliyopita nilikaa kwenye semina ya mambo ya kidijitali, zile za hotelini zenye chai mbili na posho, mtaalamu wa mradi mmoja wa afya akaulizwa mfumo wao utafanyaje kazi siku intaneti ikizimwa. Akajibu bila hata kukohoa: "Watumiaji wataweka VPN." Ukumbi mzima ukaitikia kwa kichwa. Nikaomba maiki, mwenyekiti akasema muda umetutupa mkono, basi nimekuja kumalizia hapa.

Jamani. VPN, yaani programu inayofunga data zako kwa siri na kuzipitisha kwenye seva ya mbali, ni gari la vioo vya tinti. Askari wa trafiki haoni umebeba nini wala unaelekea kwa nani, safi kabisa, lakini daraja likishavunjwa hiyo tinti inakuvusha vipi?

Najua imani hii ilitoka wapi na siwalaumu sana. Waganda tarehe 1 Julai 2018 walianza kutozwa shilingi 200 za kwao kwa siku ili wafungue mitandao ya kijamii, wakakimbilia VPN ikawa inapita. Januari 2021 wakafungiwa Facebook, VPN ikapita. Sisi huku Tanzania X ilipoacha kufunguka Mei 2025, hivyo hivyo. Watu wakajifunza somo nusu. Maana yote hayo ni kuchuja: njia ipo, ila kuna mlinzi anayekagua majina. Wakati mwingine ni DNS ya kampuni ya simu tu (kile kitabu kinachogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake) inadanganya, ukibadilisha DNS umemaliza. Wakati mwingine wanasoma SNI, maana jina la tovuti linatangulia kwenda wazi kabla usimbaji, yaani kufichwa kwa data, haujaanza, kisanduku cha kuchuja kikiliona jina hilo kinavunja muunganisho hapo hapo. VPN inaficha yote mawili. (Inaficha jina, haijifichi yenyewe, aina za VPN kama OpenVPN na WireGuard zina salamu yake ya mwanzo ambayo vifaa vya kuchuja vinaitambua, na hizi za bure zinazoomba ruhusa ya kusoma majina ya kwenye simu yako, hizo hata sitaki kuzizungumzia.)

Kuzima ni habari nyingine kabisa. Oktoba 29 mwaka 2025, siku ya uchaguzi wetu, intaneti ilipotea nchi nzima ikaja kurudi kwa tabu siku kama tano baadaye. Shemeji yangu akaja na simu imejaa VPN nne, zote zimeganda pale pale kwenye kujaribu kuunganisha. "Shem, mbona 4G inasoma na hazishiki? Au simu imeingia virusi?" Nikamwambia hiyo 4G ni simu yako inasalimiana na mnara ule wa nyuma ya msikiti, basi. Mnara una umeme na unakusikia, ndiyo maana hata kupiga simu unapiga. Ila nyuma ya mnara data haiendi popote. VPN lazima kwanza ifike kwenye seva yake iliyoko Amsterdam au popote pale, na haiwezi kufika kwa sababu yenyewe ni pakiti, vile vifurushi vidogo vya data, kama pakiti nyingine. Akaniangalia, akasema, "Sawa, nijaribu ya tano?"

Sasa kinachonikera kuliko vyote ni hiki cha katikati, kubana spidi, kwa sababu hapo kila mtu ni mtaalamu. Meseji inaenda, picha inagoma, video ndiyo usiseme, na mtu anaapa kabisa kwamba "wametubana". Inawezekana! Ila nikwambie kitu ambacho mafundi wenzangu hawapendi kukikiri hadharani: ukiwa upande wa mtumiaji, kubanwa na msongamano vinafanana mno. Vyote viwili pakiti zinadondoka, TCP, ile kanuni ya kutuma data, inarudia rudia kutuma na kupunguza mwendo, picha inaishia asilimia 80. Mimi mwenyewe Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 niliandika kwenye grupu la familia, kwa kujiamini kabisa, na vielelezo vya ping (kipimo cha muda wa data kwenda na kurudi) juu yake, kwamba hii ni mikono ya watu. Kumbe mikongo miwili ya baharini inayotuletea intaneti, EASSy na SEACOM, imekatika huko chini upande wa kuelekea Afrika Kusini, na trafiki yote imejisukuma kwenye njia chache zilizobaki kama daladala za Mbagala saa kumi na mbili jioni. Mjomba mpaka leo ananikumbusha, kila bando lake likiisha ananiuliza kama ni mikono ya watu.

Mwezi uliofuata, tarehe 25 Juni, siku waandamanaji walipoingia Bunge la Kenya, intaneti ikayumba na Safaricom ikasema ni hitilafu ya mikongo miwili. Wakenya wakakataa kata kata. Niliulizwa na kila mtu, na nikakataa kujibu, kwa sababu vipimo vyangu vinaniambia pakiti imefia wapi, havinambii nani kaiua. Ukitaka kukaribia ukweli angalia huduma moja moja: kama kila kitu cha nje kinasuasua ila vya humu ndani vinavyobadilishana trafiki pale TIX, kituo ambako mitandao ya humu nchini inakutana, vinaruka vizuri, mimi nafikiria mkongo kwanza. Kama YouTube inapepea na X peke yake ndiyo inakufa, huyo si samaki aliyetafuna waya. Na katikati ya hizo mbili kuna siku nyingi sana ambazo nabahatisha kama nyie.

Halafu wafadhili. SEACOM ilifika 2009, EASSy 2010, na hii ya pili ina hela za benki za maendeleo ndani yake. Sibezi, nimefanya kazi enzi za setilaiti, ping nusu sekunde na zaidi, nisingependa kurudi. Lakini trafiki ya nchi nzima ikipitia milango michache ya kampuni chache zenye leseni, aliyewapa leseni anahitaji simu chache tu kuizima. Hakuna aliyekaa akapanga njama, mtandao wa bei nafuu ndivyo unavyojengwa, ila miradi inakuja juu yake kana kwamba milango haipo.

Na dawa zipo, za kizamani tu. Programu ya Android ya DHIS2, mfumo wa takwimu za afya, inaweka data kwenye simu na kuituma baadaye mtandao ukirudi, hata ukirudi wiki ijayo. USSD, zile menyu za nyota na reli, haigusi data kabisa, ile *150*00# ya M-Pesa inapita njia ya mawasiliano ya mnara wenyewe, kwa hiyo data inaweza kufa na menyu ikafunguka. Hapo napo usijisahau, Uganda Februari 2016 siku ya uchaguzi walifunga na pesa za simu pia.

Kwenye slaidi za yule mtaalamu niliona seva iko Ireland na fomu haifunguki kabisa bila mtandao. Nikamfuata kwenye chai ya pili, nikamuuliza mama amekuja na mtoto wa chanjo, data hakuna siku tano, nesi anaandika wapi? Akamaliza sambusa yake taratibu. Akasema madaftari wamechapisha, yapo kwenye bajeti, mstari wa mwisho kabisa, ila kwenye ripoti ya mfadhili huwa hawayataji.