Anquetil: jina la mtoto wa kiume lililogeuka ukoo Normandy

Nchini Ufaransa, Anquetil leo ni jina la ukoo. Aliyelifanya lijulikane zaidi ni Jacques Anquetil, mwendesha baiskeli aliyezaliwa 1934 Mont-Saint-Aignan, jirani na Rouen, akashinda Tour de France mara 5: 1957, kisha mfululizo 1961 hadi 1964. Karne nyingi kabla yake, hilo lilikuwa jina analopewa mtoto.

Chanzo ni Ásketill la Kinorse, lugha ya kale ya Skandinavia: áss, mungu, na ketill, sufuria kubwa. Usihangaike kutafuta maana ya “sufuria ya mungu”. Wazazi wa Kinorse mara nyingi waliunganisha vipande vilivyokwisha kutumika katika majina ya jamaa zao, hata kama vikiwekwa pamoja havileti maana. Ketill imo pia katika Turquetil, jina lenye Thor, mungu wa radi, ndani yake.

Kinachovutia zaidi ni herufi n. Kinorse kilikuwa kimeshaipoteza mbele ya s, lakini Wafranki, watu waliotawala Ufaransa ya kale, walibaki nayo, kama katika jina Anselm. Mwaka 911 walowezi wa Skandinavia walipewa ardhi kwenye sehemu ya chini ya mto Seine, eneo lililokuja kuitwa Normandy, wakaishi na kuoana na wenyeji, na Ásketill ikaazima Ans- ya Kifranki. Makarani wakaandika Anschetillus kwa Kilatini. Baadaye s ikadondoka katika matamshi. Kijiji cha Ancteville, katika wilaya ya Manche, kinabeba jina hilohilo.

Kwingine jina lilishika njia yake. Uswidi ni Eskil, na mji wa Eskilstuna umepewa jina la mtakatifu wa karne ya 11. Iceland ni Áskell. Uingereza kulikuwa na Oscytel, askofu mkuu wa York aliyefariki 971, kabla Wanormandi, watu wa Normandy, hawajavuka bahari kuiteka Uingereza.

Anayefuatilia ukoo huu asidhani kila Anquetil ni ndugu wa mwenzake. Wanaume wengi wasiohusiana waliitwa hivyo, na watoto wa kila mmoja wangeweza kurithi jina la baba kama ukoo. Anza na vitabu vya serikali vya vizazi, vilivyoanza 1792, kisha urudi nyuma kwenye daftari za ubatizo za parokia, ambazo amri ya kifalme ya 1539 ilitaka ziandikwe. Tafuta kwa tahajia zote, hasa Anctil, inayopatikana sana Quebec. Kwenye hati za Kilatini za karne ya 11 na 12, Anschetillus peke yake ni jina la mtu, bado si la ukoo.