Nairobi haikuja kwanza ndipo usafiri ukafuata

Wengi husema mji hukua wenyewe, kisha serikali inaukimbiza na barabara na magari ya abiria. Nairobi ilianza kinyume. Reli ilipofika hapa mwaka 1899, palikuwa na kinamasi ambako Wamaasai walinywesha mifugo yao. Hapakuwa na mji wa kuhudumiwa. Kituo cha reli ndicho kilichouzaa.

Hata leo ni hivyo. Shuka steji ya Roysambu jioni, kwenye Barabara ya Thika iliyozinduliwa upya mwaka 2012. Mama mboga amepanga sukuma wiki karibu na daraja la waendao kwa miguu, mitumba imetandazwa kwenye turubai, bodaboda wanagombea abiria, na nyuma yao maghorofa ya kupangisha yamebanana. Hakuna aliyelichora soko hilo kwenye ramani. Limefuata miguu ya wanaoshuka matatu.

Kwa hiyo wanaosema matatu ndizo zinazoharibu jiji wanatazama upande mmoja tu. (Ubabe wa baadhi ya madereva siutetei.) Matatu ya abiria 14 huchukua nafasi ya barabarani isiyozidi magari mawili madogo, ambayo aghalabu yamebeba mtu mmoja mmoja. Desemba 2018 serikali ya kaunti ilizipiga matatu marufuku katikati ya jiji. Wafanyakazi wakateremshwa pembeni, wakajaza barabara wakitembea kwenda kazini, na amri ikasitishwa upesi.