Bibi aliyekalia mbuzi hajapumzika

Ukipita Mikindani jioni utamkuta bibi uani amekalia mbuzi, anakuna nazi. Watu husema amepumzika. Jamani, yuko kazini! Kile kibao hakina pa kuegemea. Misuli ya tumbo na mgongo ndiyo inayomshikilia, huku macho, nyayo na sikio la ndani vikiupasha ubongo habari kila wakati. Hata aliyetulia tuli huyumba kidogo. Akikalishwa juu ya bamba lenye vihisio, myumbo wake husomeka kwa milimita.

“Akishakaa, haanguki.” Dhana hii ndiyo inayonitia hofu zaidi. Mzee huweza kuanguka akiinama kuokota korosho iliyodondoka, akigeuka kuitikia hodi, au akinyanyuka kigodani. Umri ukienda, sikio la ndani hupungukiwa na chembe zake za hisia, na misuli huchelewa kujibu. Kwa hiyo mtaalamu wa fiziotherapia hatosheki kumwona mzee ametulia. Humkalisha kwenye kiti bila kuegemea, miguu ikiwa sakafuni, anyooshe mkono mbele usawa wa bega, kisha ajivute mbele kadiri awezavyo bila kushika kitu. Rula ya ukutani huonyesha kidole kimesogea sentimita ngapi. Baadaye hujaribu kulia na kushoto. Katika kipimo cha Berg, kinachopima uwezo wa mtu kujimudu asianguke, chenye majaribio 14 na alama 56, jaribio mojawapo ni la kukaa dakika 2 bila kuegemea. Anayemudu vizuri hupata alama 4.

“Asiyeyumba ndiye imara.” Si lazima. Mwenye mgongo uliokakamaa anaweza kutulia kama gogo, lakini kikombe kilicho mbali kidogo hakifikii. Myumbo na umbali wa mkono visomwe pamoja, na kila mara kwa kiti kilekile. Ukimpima leo kigodani na mwakani kitandani, hutajua kilichobadilika ni mwili au kikalio.

“Mzee asikae tena mkekani.” Mwenye magoti mabovu, sawa. Ila kukaa chini na kuinuka kunadai nguvu nyingi za mwili. Huko Brazil, daktari Claudio Gil Araújo na wenzake waliwapima watu 2,002 wa miaka 51 hadi 80: alama 5 za kukaa, 5 za kuinuka, na kila mkono au goti lililotumika kama tegemeo liliondoa 1. Wenye alama chache walifariki zaidi katika miaka iliyofuata. Hilo halithibitishi kwamba mkeka unarefusha maisha, na mzee dhaifu asilijaribu peke yake.

“Ni uzee tu.” Akiwa amekaa akaanza ghafla kuinamia upande mmoja, mdomo ukapinda au mkono ukalegea, huo si uzee wala jini. Huenda ni kiharusi. Hospitali saa hiyohiyo. Anayedhoofika polepole husaidiwa na mazoezi ya kufikia vitu akiwa amekaa. Basi bibi mwachieni mbuzi yake, nazi ziwe pale mkono unapofika, na mjukuu awe karibu anaponyanyuka.