Mtoto wa Selimundu Ana Homa? Usingoje Kuche

Maswali haya nayasikia kila wiki kliniki ya watoto hapa Eastlands. Leo nayajibu kwa pamoja.

Selimundu ni nini?
Ni ugonjwa wa damu wa kurithi. Herufi moja tu ya jeni ya hemoglobini imebadilika, basi seli nyekundu zinajipinda kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo na kufa mapema.

Sista, mimi na mzee wangu ni wazima. Mtoto ameutoa wapi?
Kwenu nyote wawili. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, ya baba na ya mama. Mwenye moja yenye kasoro huitwa AS, na kwa kawaida haugui. Tena nakala hiyo moja humkinga na malaria kali: mtafiti Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alilionyesha hilo mwaka wa 1954. Ndiyo maana tunaiona sana kwa familia zenye asili ya Nyanza, Magharibi na Pwani. AS wawili wakizaa, uwezekano wa mtoto kuugua ni robo. Kila mimba, mama! Usiniambie wa kwanza alishachukua robo yenu. Jeni hazina zamu. Na ninyi akina baba wa "kwetu hakuna kitu kama hicho", njooni mpimwe.

Amechemka usiku. Nimpe dawa ya homa ningoje asubuhi?
Hapana. Wengu, kiungo kinachochuja vijidudu, huharibika mapema kwa watoto hawa. Bakteria wakiingia kwenye damu, saa chache zinatosha kuua.

Labda ni meno tu?
Hapana. Joto likifika 38, njoo.

Dawa imelishusha joto, je?
Njoo vilevile. Dawa imeshusha joto, haijagusa bakteria.

Nikianzia duka la dawa?
Hapana! Juzi mama mmoja alifika saa nne asubuhi na mfuko wa karatasi: chupa mbili za dawa ya maji na vidonge vinne vilivyokatwa kwa makasi. Mtoto amemlalia begani, viganja vyeupe. Homa ilianza lini? "Siku ya tatu leo." Siku tatu, na kwao hadi kwetu ni matatu moja. Alipona, ila kwa damu ya kuongezewa na siku tisa za wodi.

Apimwe lini?
Hata akiwa mchanga, kwa tone la damu ya kisigino. Dalili, kama vidole kuvimba, mara nyingi huanza baada ya miezi sita. Ukijua mapema anaanzishiwa penisilini, chanjo, kinga ya malaria, na baadaye haidroksiurea, dawa inayopunguza kujipinda kwa seli.

Tiba kamili ipo?
Upandikizaji wa uboho upo, na tiba ya jeni iliidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka wa 2023, kwa bei ya kutisha. Anayekuuzia mizizi ya kuponya selimundu anakula pesa yako.

Nikifika hospitali usiku nifanyeje?
Usikae kwenye benchi kimya. Mwambie mhudumu wa kwanza utakayemwona: "Ana selimundu na ana homa." Asipokusikia, rudia kwa sauti.