Umekaa shamba la watu miaka 19, bado si lako

Juzi kaingia ofisini kwangu hapa Ngamiani, Tanga, mzee mmoja wa kule Pongwe, kabeba kikapu cha ukili kimejaa makaratasi, anasema wakili mwanangu, shamba lile nimekaa miaka 19, nazi naangua mimi, korosho naokota mimi, leo watoto wa marehemu mwenye shamba wanataka kunitoa, na watu wameniambia ikishapita miaka 12 shamba linakuwa langu.

Nikamuuliza kitu kimoja tu, nani alikuingiza? Akajibu kwa furaha kabisa, marehemu mwenyewe, tena akanipa na chumba. Basi hapo hapo kesi imekufa, na mie roho iliniuma.

Hiyo miaka 12 ipo kweli kwenye sheria ya ukomo wa mashauri, ila maana yake ni kwamba mtu akikalia ardhi yako waziwazi, mfululizo, BILA ruhusa yako, na wewe ukanyamaza tu, baada ya miaka 12 huwezi tena kwenda kuidai mahakamani. Mlinzi, mpangaji, shemeji uliyemkaribisha, wote wameingia kwa idhini, na mahakama zetu zimeshasema mara nyingi tu kwamba mwalikwa hageuki mwenye mali, akae hata 40.

Wenye hati nao msicheke. Ardhi ya Tanzania ni ya umma, Rais ndo mdhamini, we umepewa haki ya kuikalia na kuitumia kwa muda, miaka 33, 66 au 99, na matumizi yameandikwa mle mle. Kiwanja cha makazi ukikigeuza gereji umevunja sharti hata kama unalala humo humo, ilitakiwa uombe kwanza kubadili matumizi. Na kijijini ardhi ya kimila ukiitelekeza miaka 5, hukai wala hulimi, halmashauri ya kijiji inaweza kuanza kukufuatilia.

Ila pwani tuna letu: ardhi ya huyu, minazi ya yule aliyeipanda. Ndo maana wazee wakikupa sehemu ulime walikwambia panda mihogo, mnazi usipande. Nikamuuliza mzee, kuna ulioupanda mwenyewe? Akafikiri weee, akasema miwili, uani, na mwenyewe marehemu aliniona nikipanda. Nikamwambia hiyo sasa tunaweza kuiombea fidia.

Akakunja makaratasi yake yote, akarudisha kikapuni, akabaki anahesabu kwa vidole mnazi mmoja unazaa nazi ngapi kwa mwaka.