Kugeuza vipimo vya joto kuwa kilowati za umeme

Kiyoyozi dukani Kampala kina kibandiko cha 12,000 BTU, lakini mita ya Yaka nyumbani, ya umeme wa kulipia kabla, inahesabu kilowati-saa. Kutoka namba ya kwanza hadi ya pili kuna hesabu mbili. Moja ni kubadili kipimo, na hiyo ni rahisi. Nyingine ni kujua umeme kiasi gani unatumika ili joto hilo lizalishwe au lihamishwe. Wengi humaliza ya kwanza wakadhani kazi imekwisha, na matokeo yake ni waya usiolingana na mashine na makisio ya mafuta yasiyo ya kweli.

Kwanza vipimo vyenyewe. BTU peke yake ni kiasi cha joto, kama kilowati-saa ilivyo kiasi cha umeme. Kinachopima nguvu ni BTU kwa saa, ingawa vibandiko vingi huacha maneno "kwa saa". Kilowati 1 ni sawa na BTU 3,412 kwa saa, au kilokalori 860 kwa saa. Tani ya ubaridi ni BTU 12,000 kwa saa, yaani kilowati 3.517, haihusiani na uzito wa mashine. Kuwa mwangalifu zaidi na nguvu farasi: ya mota ni kilowati 0.746, lakini ya boila ni kilowati 9.81 za joto. Ukizichanganya, umekosea mara 13.

Sasa gawanya 12,000 kwa 3,412. Unapata kilowati 3.52, na hizo ni za joto linaloondolewa chumbani. Kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya ubaridi, hailizalishi joto hilo, inalihamisha tu kulitoa nje, ndiyo maana inakula umeme mdogo kuliko joto linalotoka. Joto linalohamishwa ukiligawa kwa umeme unaotumika, unapata uwiano uitwao COP. COP ikiwa 3, umeme ni kilowati 1.17. Kwa volti 240 na kipengele cha nguvu (power factor, sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli) cha 0.9, hiyo ni ampea 5.4 hivi. Anayechukua 3.52 kama umeme atapata ampea 16 na kununua waya mnene bila sababu.

Baadhi ya vibandiko huandika EER badala ya COP, na hapa kuna mtego. Kwa mtindo wa Marekani, EER ni BTU kwa saa kwa kila wati, hivyo huwa 8 hadi 14. Igawe kwa 3.412 upate COP. Vibandiko vingine hutumia jina hilohilo kwa wati kwa wati, na namba huwa kati ya 2 na 5. Ukubwa wa namba utakuambia ni ipi.

Mfano wenye uzito zaidi hapa Uganda ni tangi la kupoza maziwa, kama yale ya vituo vya kukusanyia maziwa upande wa Mbarara na Kiruhura. Lita 1,000 zina uzito wa kilo 1,030 hivi, na kila kilo huhitaji kilojuli 3.9 kupoa kwa digrii 1. Kutoka digrii 35 hadi 4 ni kilojuli 124,500, sawa na kilowati-saa 34.6 za joto. Yakitakiwa yapoe kwa saa 3, mashine iondoe kilowati 11.5, yaani BTU 39,300 kwa saa. Kwa COP ya 2.5, umeme ni kilowati 4.6, jumla kilowati-saa 13.8, bila kuhesabu mota ya kukoroga. Jenereta ndogo ya dizeli hutoa kilowati-saa 3 hivi kwa lita, kwa hiyo ni lita 4.6 kwa kila mkupuo. Aliyesahau COP angepanga lita 11.5.

COP yenyewe haikai pale ilipoandikwa. Kondensa, sehemu inayotoa joto nje, ikijaa vumbi, au ikifungwa chini ya bati lisilopitisha hewa, COP inaweza kushuka hadi 2: umeme unapanda hadi kilowati 5.8 kwa maziwa yaleyale. Na jenereta haichaguliwi kwa kilowati 4.6 pekee. Kompresa inapowaka huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, kwa hiyo kVA ya jenereta, yaani uwezo wake ulioandikwa, ipatikane kwa mkondo wa kuwasha.

Ukitaka kupima joto mwenyewe kwenye mabomba ya maji, zidisha lita kwa sekunde kwa 4.19, kisha kwa tofauti ya joto kati ya maji yanayoingia na yanayotoka. Lita 0.5 kwa sekunde na tofauti ya digrii 5 ni kilowati 10.5. Hapa kipimajoto kibovu kinaharibu kila kitu: kila kimoja kikikosea nusu digrii kwa upande wake, tofauti inapotea kwa digrii nzima, yaani asilimia 20 ya jibu. Tumia vipimajoto viwili vilivyolinganishwa kwanza ndani ya ndoo moja ya maji.

Hita ya maji ya koili ndiyo nyepesi: kilowati 1 ya umeme ni kilowati 1 ya joto. Kupasha lita 50 kutoka digrii 20 hadi 60 ni kilowati-saa 2.3, bila kuhesabu joto linalovuja kwenye tangi.

Njia ikigeuka, joto likawa ndilo linalozalisha umeme, kama pale Kakira karibu na Jinja makapi ya miwa yanapochomwa kuzalisha mvuke na umeme, hesabu inakuwa ya kuzidisha joto kwa namba iliyo chini ya 1. Kugeuza maji ya digrii 100 kuwa tani 1 ya mvuke kwa saa, kwa mgandamizo wa kawaida wa hewa, huhitaji kilowati 627 za joto. Mtambo unaogeuza asilimia 20 ya joto utatoa kilowati 125 za umeme. Zinazobaki hutoka kama joto, na kiwandani hutumika kuchemshia maji ya miwa. Ndiyo sababu wahandisi huandika kWth kwa joto na kWe kwa umeme. Ukiletewa bei ya mtambo iliyoandikwa kW tupu, uliza ni ipi kabla ya kusaini.